Jinsi Nchi Ndogo Inavyoweza Kuvutia Kampuni Kubwa za Teknolojia

Nchi ndogo inapoamua kutafuta kampuni kubwa za teknolojia, pendekezo la kwanza kufika mezani huwa ni kupunguza kodi. Hukubalika upesi kwa sababu halina jasho: sheria hurekebishwa, tangazo hutolewa, na kila mmoja hurudi ofisini kwake akiamini kwamba wawekezaji wako njiani. Mwongozo huu umekusudiwa maofisa wa mamlaka za uwekezaji, washauri wa wizara na wakuu wa vyuo ambao wamekwisha kuona tangazo la namna hiyo likipita bila mtu kubisha hodi, na kwa sababu hiyo kodi itazungumzwa baadaye, mahali pake. Tunaanza ndani ya kampuni yenyewe, kwa wale wanaoketi na kuamua mradi uende wapi.

Jua uamuzi unavyofanyika

Kampuni ya kimataifa huanza na mradi, na nchi hutafutwa baadaye. Kuna bidhaa au huduma inayotakiwa, kuna tarehe ambayo lazima kazi iwe imeanza, na kuna kikundi kidogo cha wataalamu waliotumwa kutafuta mahali. Kikundi hicho huanza na orodha ndefu, na kazi yake ya kwanza ni kupunguza majina. Nchi inaweza kuondolewa kwa sababu moja tu: umeme unakatika, hakuna ndege za mizigo za kutosha, faida haiwezi kuhamishwa nje bila usumbufu, au swali lililoulizwa kwa barua pepe lilikaa wiki kadhaa bila jibu. Vivutio vya kodi hupata uzito pale orodha inapobaki na nchi mbili au tatu zinazokaribiana kwa mengine yote. Nchi iliyoondolewa mapema haipati hata nafasi ya kueleza ukarimu wake.

Mfano unaofaa kusomwa kwa makini ni wa Costa Rica. Mwaka 1996 kampuni ya Intel ilikuwa ikitafuta mahali pa kujenga kiwanda cha kuunganisha na kupima chipu, na miongoni mwa washindani walikuwamo Brazil, Chile na Mexico, nchi zenye soko kubwa na viwanda vingi zaidi. Costa Rica ilikuwa na watu wapatao milioni 3.5. Ilichokuwa nacho ni shirika dogo lisilo la kiserikali la kuvutia wawekezaji, liitwalo CINDE, lililoanzishwa mwaka 1982, ambalo lilichukua kila swali la Intel kama kazi yenye tarehe ya mwisho, pamoja na rais, José María Figueres, aliyelifuatilia suala hilo mwenyewe na kuwataka mawaziri wayatatue yale yaliyokuwa chini ya wizara zao. Hofu ya umeme ilijibiwa kwa mpango wa kujenga kituo cha kupozea umeme kwa ajili ya kiwanda. Hofu ya upungufu wa mafundi ilijibiwa kwa mafunzo yaliyoandaliwa pamoja na chuo cha teknolojia cha nchi hiyo. Novemba 1996 Intel ilitangaza kwamba imeichagua Costa Rica kwa mradi wa dola za Marekani milioni 300, na kiwanda kikafunguliwa mwaka 1998.

Udogo ndio uliosaidia hapo. Katika nchi kubwa, mwenye mamlaka juu ya umeme, mwenye mamlaka juu ya vyuo na mwenye mamlaka juu ya viwanja vya ndege huenda wasikutane kwa mwaka mzima. Katika nchi ndogo wanaweza kuitwa chumba kimoja Jumatatu, na Ijumaa mgeni akapewa jibu lenye sahihi. Faida hii hupotea nchi ndogo inapojijengea urasimu wa nchi kubwa, na zipo nyingi zilizofanya hivyo kwa kudhani kwamba wingi wa mamlaka na bodi ni dalili ya maendeleo.

Chagua sehemu finyu kabla ya kuanza kuzunguka

Kiwanda cha chipu, ofisi ya wahandisi wa programu, kituo cha kuhudumia wateja, makao makuu ya kanda na kituo cha data vyote huwekwa katika fungu moja la uwekezaji wa teknolojia, ilhali mahitaji yake hayafanani. Kiwanda cha chipu hutaka umeme usioyumba hata kwa sekunde, maji safi, mafundi sanifu wengi na usafiri wa ndege wa kuaminika, kwa kuwa bidhaa yake ni nyepesi na ya thamani kubwa. Ofisi ya programu hutaka wahandisi, vibali vya kazi vinavyotoka haraka, nyumba za kupanga na intaneti. Umeme wake ni kidogo. Makao makuu ya kanda huangalia mikataba ya kuzuia kutozwa kodi mara mbili, mahakama na njia ya kuingia katika soko kubwa la jirani. Kituo cha data hutaka ardhi, umeme mwingi mno na mikongo ya mawasiliano, kisha kikishajengwa huajiri watu wachache.

Ofisa aliye na kijitabu kimoja kwa wote hao hana cha kumwambia yeyote kati yao. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya vitendo ni kuketi na kulinganisha kwa ukweli kile ambacho nchi inacho leo, kile inachoweza kuwa nacho katika miaka mitano, na kile kila aina ya mradi inachokihitaji. Kisha kuchagua aina moja, au mbili kwa nchi yenye uwezo, na kuziacha nyingine bila majuto. Singapore ilianzia chini. Bodi yake ya Maendeleo ya Kiuchumi, EDB, iliundwa mwaka 1961, na miaka michache baada ya uhuru wa 1965 kampuni za Texas Instruments na National Semiconductor zilikuwa zimeanza kuunganisha vifaa vya kielektroniki huko, kazi ya mikono mingi na mishahara ya chini. Hakuna aliyeona haya kuanza na kazi hiyo, kwa sababu ilieleweka kwamba ni ngazi ya kwanza na kwamba ngazi ya pili ingehitaji kutafutwa kwa juhudi nyingine.

Mpe mtu mmoja dhamana ya kampuni moja

Wakala wa uwekezaji unaofaa una sifa mbili ambazo haziwezi kufidiwa na jengo zuri wala tovuti ya kuvutia. Ya kwanza ni kwamba kila kampuni inayolengwa ina ofisa mmoja anayeijua kwa undani: bidhaa zake, washindani wake, matawi yake yote duniani, na nani anayeamua nini. Ya pili ni kwamba ofisa huyo akisema jambo, serikali nzima inasimama nyuma yake. Kituo cha huduma mahali pamoja kisicho na mamlaka ya kutoa kibali, ambacho kazi yake ni kupokea fomu na kuzipeleka kwenye wizara zile zile za zamani, ni dirisha moja zaidi katika foleni.

Ireland inaonyesha namna ofisa wa aina hiyo anavyofanya kazi. Wakala wake wa uwekezaji, IDA, ulianzishwa mwaka 1949. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Intel ilipokuwa ikifikiria kujenga Ulaya, ilikuwa na shaka moja ya msingi: Je, Ireland ingepata wapi wahandisi wenye uzoefu wa chipu, wakati nchi haikuwa na kiwanda kikubwa cha namna hiyo? IDA haikujibu kwa maneno ya kujisifu. Ilifanya utafiti, ikawatafuta wahandisi wa Kiayalandi waliokuwa wakifanya kazi hizo ng'ambo, ikawauliza kama wangerudi nyumbani wakipata ajira inayolingana na ujuzi wao, kisha ikaiwekea Intel majibu mezani. Mwaka 1989 Intel ilitangaza kwamba itajenga Leixlip, karibu na Dublin. Ukitaka kipimo cha wakala wako, kipimo ni hicho: mwekezaji akitoa shaka, je, anarudishiwa hotuba au ushahidi?

Hapa niseme neno kuhusu safari. Ujumbe wa watu ishirini unaokwenda kwenye maonyesho ya teknolojia na kurudi na picha pamoja na hati ya makubaliano isiyomfunga mtu yeyote hugharimu fedha ambazo zingeweza kumweka ofisa mmoja mwenye ujuzi karibu na makao makuu ya kampuni zinazolengwa kwa muda mrefu. Uhusiano na kampuni kubwa hujengwa na mtu anayerudi kila baada ya miezi michache akiwa na jibu la swali aliloulizwa mara iliyopita. Waziri ana nafasi yake, nayo ni mwishoni, pale kampuni inapotaka kuhakikishiwa kwamba ahadi ya ofisa ni ahadi ya nchi.

Watu huandaliwa miaka ishirini kabla

Hii ndiyo sehemu isiyo na njia ya mkato, na pia ndiyo inayoachwa kwa wizara nyingine kana kwamba haihusiani na uwekezaji. Ireland iliondoa ada katika shule za sekondari mwaka 1967. Mwaka 1972 ilifungua taasisi ya elimu ya juu mjini Limerick iliyoelekezwa kwenye teknolojia na biashara, na nyingine kama hiyo ikafunguliwa Dublin mwaka 1980. Zote mbili zilipandishwa kuwa vyuo vikuu mwaka 1989. Apple ilifika Cork mwaka 1980, Microsoft ikafika Dublin mwaka 1985, Google ikafuata mwaka 2003. Kati ya uamuzi wa shule na kufika kwa kampuni hizo pana miaka ambayo hakuna serikali moja ingeweza kujivunia matokeo yake, na ndiyo maana maamuzi ya aina hiyo ni magumu kuyapata. Ni vyema kukumbuka pia kwamba Ireland hiyo hiyo ilikuwa na sheria za mwaka 1932 na 1934 zilizozuia wageni kumiliki viwanda kwa wingi wa hisa, na kwamba mageuzi yalianza kushika kasi mwaka 1958 tu. Nchi inayoanza leo ikiwa imejifungia haijachelewa kiasi hicho.

Wakati elimu ya jumla inaendelea kukua, yapo mambo ya muda mfupi yanayowezekana. Singapore katika miaka ya 1970 ilianzisha vituo vya mafunzo kwa ubia na kampuni za kigeni, zikiwamo Tata ya India, Rollei ya Ujerumani na Philips ya Uholanzi. Serikali ilisaidia gharama, kampuni ikaleta wakufunzi na mitaala, na sharti lililokuwa na busara ni kwamba kampuni ifundishe vijana wengi kuliko iliowahitaji yenyewe, ili waliobaki waende viwanda vingine. Rollei ilifunga shughuli zake Singapore mwaka 1981. Mafundi iliowafundisha hawakuondoka nayo. Mkataba wowote wa mafunzo unaoandaliwa leo uwe na sharti la namna hiyo, na uwe na mtihani unaotambuliwa na waajiri wengine, vinginevyo serikali inalipia mafunzo ya ndani ya kampuni moja.

Jambo jingine ni vibali vya kazi. Wataalamu wa ndani huona kila mgeni anayeajiriwa kama nafasi iliyopotea, na hisia hiyo inaeleweka, lakini mradi wa teknolojia wenye wahandisi mia mbili mara nyingi huhitaji wageni kumi au kumi na tano wenye uzoefu ili uanze, na hao wasipopata vibali, mia mbili hawaajiriwi. Weka muda wa mwisho wa kujibu maombi, uheshimu, na utoe kibali cha mwenzi pamoja na cha mfanyakazi. Wapo wataalamu wazuri waliokataa kuhama kwa sababu mke au mume hakuruhusiwa kufanya kazi.

Umeme, mikongo na sheria za data

Kuhusu miundombinu ni machache ya kusema, kwa kuwa yanajulikana. Umeme upimwe kwa idadi ya mikatiko na kuyumba kwa nguvu yake, wala usipimwe kwa megawati zilizozinduliwa. Nchi itegemee zaidi ya mkongo mmoja wa mawasiliano wa kimataifa, na mikongo hiyo ipite njia tofauti, maana mikongo miwili inayopita mtaro mmoja ni mkongo mmoja siku ya hitilafu. Eneo lililo tayari, lenye barabara, maji na umeme mlangoni, lina thamani kuliko ekari nyingi za ramani.

Sheria hupuuzwa zaidi. Kampuni ya programu hutaka kujua kama data za wateja wake zinaweza kuvuka mpaka, nani anaweza kuzidai, na mahakama itachukua muda gani kuamua mgogoro wa miliki bunifu. Estonia, yenye watu wapatao milioni 1.3, ilijipatia heshima katika eneo hili kwa kuifanya serikali yenyewe kuwa mteja wa teknolojia: mfumo wake wa kubadilishana data kati ya taasisi, unaoitwa X-Road, ulianza mwaka 2001, na kitambulisho cha kidijitali kikafuata mwaka 2002. Mwekezaji aliyesajili kampuni huko kwa njia ya mtandao alikuwa ameshajibiwa nusu ya maswali yake. Msimamizi wa sheria za data naye anahitaji watu na fedha. Tangu kanuni ya Ulaya ya ulinzi wa data ilipoanza kutumika mwaka 2018, tume ya ulinzi wa data ya Ireland imejikuta ikiwa msimamizi mkuu wa kampuni kadhaa kubwa zaidi duniani kwa sababu tu makao yake ya Ulaya yako Dublin; nchi inayokaribisha makao makuu inakaribisha na mzigo wa kuyasimamia.

Kodi, mahali pake

Kodi ya chini ya mapato ya kampuni imesaidia nchi ndogo, na si kweli kusema vinginevyo. Ireland ilitoza asilimia 10 kwa viwanda kuanzia mwaka 1981, na kuanzia 2003 ikatoza asilimia 12.5 kwa biashara zote za kawaida. Kilichowavutia wawekezaji, zaidi ya kiwango chenyewe, ni kwamba kiwango hicho kilidumu serikali zikibadilika. Estonia ilichukua njia nyingine: tangu mwaka 2000 faida ya kampuni haitozwi kodi mpaka igawiwe kwa wenye hisa, utaratibu rahisi kueleza na rahisi kukaguliwa. Kiwango cha wastani kinachoaminika kina nguvu kuliko msamaha wa miaka kumi ambao kila mtu anajua unaweza kufutwa katika bajeti ijayo.

Hesabu yenyewe imebadilika. Mwaka 2021 nchi zaidi ya 130 zilikubaliana, chini ya uratibu wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi ambalo wanachama wake wengi ni nchi tajiri, juu ya kiwango cha chini cha kodi cha asilimia 15 kwa makundi ya kampuni yenye mapato ya euro milioni 750 au zaidi kwa mwaka. Mahali utaratibu huo unapotumika, nchi inayomtoza mwekezaji mkubwa asilimia 5 inaweza kukuta kwamba asilimia 10 iliyobaki inakusanywa na hazina ya nchi nyingine, yaani msamaha unakuwa zawadi kwa serikali tajiri. Ireland yenyewe ilianza kutumia asilimia 15 kwa makundi hayo Januari 2024. Kanuni bado zinasogea: Juni 2025 nchi za G7, kundi la mataifa saba tajiri, zilitangaza makubaliano ya kuyaondoa makundi yenye kampuni mama Marekani katika baadhi ya sehemu zake. Kwa hiyo, kabla ya kuahidi msamaha wowote, mwanasheria wa kodi ya kimataifa apige hesabu ya nani hasa atanufaika, na nchi ijiwekee kodi yake ya kufikisha kiwango cha chini ili fedha hizo zisivuke mpaka. Fungu lililokuwa liende kwenye msamaha linaweza kwenda kwenye mafunzo, umeme na ruzuku ya utafiti, ambavyo hubaki nchini hata kampuni ikiondoka.

Masharti matatu hayapaswi kukosekana katika kivutio chochote. Kitolewe kwa sheria iliyo wazi kwa kila anayetimiza vigezo. Kifungwe kwenye matokeo yanayopimika, kama ajira na mishahara. Na kiwe na kifungu cha kurudisha fedha matokeo yasipofikiwa. Makubaliano ya faragha na kampuni moja ni deni lisilojulikana tarehe yake. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ulaya iliamua kwamba Apple ilipewa na Ireland nafuu ya kodi isiyo halali na kuagiza irejeshwe hadi euro bilioni 13. Kesi ilizunguka mahakamani kwa miaka, na Septemba 2024 mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya ikauthibitisha uamuzi huo. Katika miaka yote hiyo Ireland ilikuwa ikipinga kulipwa.

Baada ya kusaini ndipo kazi inapoanza

Serikali nyingi huhesabu siku ya kukata utepe kuwa mwisho wa kazi, na wakala huhamishia nguvu zake kwa mgeni mwingine. Naona hilo ndilo kosa la gharama kubwa kuliko yote yaliyotajwa katika mwongozo huu. Tawi likishafunguliwa, meneja wake anaingia katika mashindano yasiyokwisha ndani ya kampuni yake: bidhaa mpya inapotengenezwa, makao makuu huamua ni tawi gani litaizalisha, na matawi ya Asia, Ulaya na Amerika hupeleka hoja zao. Meneja wa tawi lako anashindana kimataifa kwa niaba yako, na silaha zake ni gharama ya umeme wako, kasi ya vibali vyako na ubora wa wahitimu wako. Akishinda, uwekezaji unaongezeka bila maonyesho wala safari. Akishindwa mara tatu mfululizo, tawi linazeeka, na siku moja barua ya kulifunga inakuja.

Kwa hiyo ofisa mwenye dhamana ya kampuni amtembelee meneja mara kwa mara, angalau kila robo mwaka, akiwa na maswali mahususi. Ni mradi gani unaoshindaniwa sasa? Uamuzi utafanyika lini, na nani anaufanya? Ni kipi kinacholiangusha tawi hili likilinganishwa na matawi ndugu? Majibu hayo yaandikwe na yapelekwe kwa wenye uwezo wa kuyatatua, na ofisa arudi kueleza kilichofanyika. Inafaa pia kuwasaidia wahandisi wa tawi wafanye kazi ya juu kuliko waliyopewa, kwa mfano kwa kuchangia gharama za maabara ndogo ya utafiti au kwa kuwaunganisha na mhadhiri mwenye ujuzi wanaouhitaji, kwa sababu makao makuu hugawa kazi ngumu kwa waliokwisha kuonyesha kwamba wanaiweza.

Wazabuni wa ndani ni upande wa pili wa kazi hiyo. Kampuni kubwa haitanunua kwa kiwanda kidogo cha nyumbani kwa kulazimishwa na sheria; itatafuta njia ya kukwepa, au itanunua maua na huduma ya usafi ili kutimiza asilimia. Singapore ilianzisha mwaka 1986 mpango ambao serikali ililipia mishahara ya wahandisi wa kampuni za kimataifa waliopewa muda wa kuwafundisha wazabuni wa ndani namna ya kufikia viwango vinavyotakiwa. Kampuni haikupoteza, mzabuni alipata mwalimu aliye pia mteja, na serikali ilijua inalipia nini. Upo na ujuzi unaosambaa kwa watu wenyewe. Skype, huduma ya kupiga simu kwa intaneti, ilijengwa Tallinn na wahandisi wa Estonia, ikauzwa kwa eBay mwaka 2005, na mfanyakazi wake wa kwanza, Taavet Hinrikus, alishiriki kuanzisha Wise, kampuni ya kutuma fedha kimataifa, mwaka 2011. Mkataba wa ajira unaomzuia mhandisi kufungua kampuni yake kwa miaka mingi baada ya kuacha kazi huziba njia hiyo, na sheria ya kazi inaweza kuuwekea mipaka.

Hesabu ya kweli na siku ya kuondoka

Takwimu za nchi yenye kampuni kubwa chache hudanganya. Mwaka 2015 Pato la Taifa la Ireland lilitangazwa kukua kwa zaidi ya asilimia 25, hasa kwa sababu kampuni za kimataifa zilihamishia huko mali zao zisizoshikika, kama haki za miliki bunifu; hakuna aliyeamka tajiri kwa robo zaidi. Ofisi ya takwimu ililazimika kutengeneza kipimo kingine kinachoondoa athari hizo. Kodi nayo imekuwa ikitegemea mikono michache: katika miaka ya karibuni kampuni kumi zimelipa zaidi ya nusu ya kodi yote ya mapato ya kampuni nchini humo. Mwaka 2024 serikali iliunda mfuko wa akiba wa muda mrefu wa kuhifadhi sehemu ya mapato hayo. Nchi ndogo inayoanza iweke kanuni hiyo mapema, kabla fedha hazijazoeleka katika mishahara na matumizi ya kawaida.

Vituo vya data vinastahili hesabu yake ya pekee. Mwaka 2023 vilitumia asilimia 21 ya umeme wote uliopimwa kwa mita nchini Ireland, zaidi ya nyumba zote za mijini. Singapore ilisimamisha vibali vipya kuanzia mwaka 2019 hadi 2022, kisha ikarudi na masharti ya matumizi bora ya nishati. Anayetaka kuvikaribisha aulize kwanza ni umeme wa nani utakaotumika, na amtake mwekezaji aje na chanzo kipya cha nishati badala ya kushindana na viwanda na nyumba kwa kile kilichopo.

Kisha kuna kuondoka. Januari 2009 kampuni ya Dell ilitangaza kuhamishia Poland uzalishaji wake wa Limerick, Ireland, na ajira zipatazo 1,900 zikapotea. Aprili 2014 Intel ilitangaza kufunga sehemu ya kuunganisha na kupima chipu nchini Costa Rica, ajira zipatazo 1,500. Ikabakiza wahandisi na huduma zake, ikarudisha uzalishaji miaka michache baadaye, na Julai 2025 ikatangaza tena kuuhamishia Vietnam na Malaysia. Costa Rica ilipopata pigo la kwanza ilikuwa tayari na kundi la viwanda vya vifaa vya tiba, ambavyo vimekuwa bidhaa yake kuu ya kuuza nje. Jitayarishe kwa siku kama hiyo wakati wa kusaini: mkataba utaje muda wa notisi, hatima ya jengo na ardhi, na mchango wa kampuni katika kuwafunza upya wafanyakazi. Wakala nao uwe na faili inayohuishwa kila mwaka, yenye orodha ya stadi zilizomo ndani ya kila tawi kubwa na majina ya kampuni tano zinazoweza kuzihitaji, ili ofisa awe na wa kumpigia simu siku hiyo hiyo.